Mtoto hakui, mama alikunywa wanzuki akiwa mjamzito: nipime nini, nimwambie nini?

Mhudumu_Sikonge

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa wakunga, watu wa lishe na madaktari wa watoto.

Huku vijijini wanzuki, pombe ya asali, haikosekani asali ikisharinwa, na mama mjamzito hakatazwi. Wengine wanaambiwa na wakwe zao kwamba inaongeza damu. Kwenye siku za kupima watoto kuna wanaobaki chini ya mstari mwezi baada ya mwezi, na uji wa karanga wanapewa. Maswali yangu ni haya:

Je, pombe ya wakati wa ujauzito inaweza kumfanya mtoto abaki mdogo hadi miaka miwili au mitatu, au madhara yake yanaisha akishazaliwa? Nitamtofautishaje na mtoto aliyedumaa kwa sababu ya chakula? Na mama mwenye mimba ya miezi mitano aliyezoea kunywa kila siku nimwambie apunguze au aache siku hiyohiyo?

Naomba vipimo na namba. Maneno ya "pombe mbaya" wameshayasikia na hayajabadilisha kitu.

---

Mkunga_Ujiji

Mhudumu, asante kwa kuuliza kwa mpangilio. Naanza na la kwanza, la vipimo nawaachia watu wa lishe.

Ndiyo, inaweza kumbakiza mdogo, na haiishi kwa kuzaliwa. Pombe inavuka kondo la nyuma bila kizuizi chochote. Ndani ya saa moja hivi damu ya mtoto inakuwa na kiwango kinachokaribiana na cha mama yake. Tofauti ni kwamba mama ana ini la kuivunja, wakati ini la mtoto aliye tumboni halijakomaa kwa kazi hiyo. Inabidi pombe irudi kwa mama ndipo iondoke. Nyingine mtoto anaikojoa kwenye maji ya chupa ya uzazi, kisha anayameza tena maji yaleyale. Mama anaweza kuwa ameshalevuka, mtoto bado anaogelea ndani yake.

Humo ndani inaharibu kwa njia zaidi ya moja. Inabana mishipa ya kondo, hivyo oksijeni na chakula vinapungua. Inazuia kondo kupitisha vizuri protini, madini ya zinki na foliki asidi, hata kama mama anakula na anameza vidonge vyake vya damu. Na inagusa seli zenyewe: zinagawanyika polepole, na seli changa za ubongo zinakufa nyingi kuliko kawaida. Hili la mwisho ndilo linalojibu swali lako. Mtoto aliyekosa chakula tumboni unaweza kumlisha akafidia kiasi kikubwa, lakini mtoto ambaye seli zake ni chache tangu mwanzo hata ukimlisha vizuri anakua kwa kimo kidogo.

Jambo hili halikugunduliwa juzi. Daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliandika mwaka 1968 kuhusu watoto wa mama walevi, na mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakaipa hali hiyo jina la Kiingereza, fetal alcohol syndrome. Tangu mwanzo kukua hafifu, kabla na baada ya kuzaliwa, kulihesabiwa kati ya dalili kuu, pamoja na sura na ubongo.

Kuhusu miezi. Wiki ya 3 hadi ya 8 tangu mimba itungwe ndipo uso, moyo, macho na viungo vinaumbwa, na mama wengi wakati huo hawajui kama wana mimba. Ubongo hauna kipindi cha mapumziko, unajengwa miezi yote tisa. Uzito na urefu vinaumia zaidi miezi mitatu ya mwisho, kwa sababu mtoto wa wiki 28 ana kilo moja na kidogo tu, na kilo mbili nyingine anaziongeza kuanzia hapo. Kwa hiyo mama akiacha kwenye mwezi wa tano, mtoto bado ana nafasi ya kupata uzito wake. Hiyo ndiyo sentensi ya kumwambia. Mama akishaambiwa tu kwamba "ameshamharibu mtoto", atakuficha na ataendelea kunywa.

Sasa kiasi. Hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama. Ila ukitaka kujua mama anakunywa kiasi gani hasa, usiulize "chupa ngapi", piga hesabu: mililita zidisha kwa asilimia ya pombe, gawanya kwa 100, zidisha kwa 0.79, unapata gramu. Kipimo kimoja cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 10.

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5: gramu 20, yaani vipimo viwili.
Chupa ya mililita 200 ya pombe kali ya asilimia 35: gramu 55. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini chupa hizo zipo.
Kopo la lita moja la pombe ya kienyeji, tuseme ni asilimia 4: gramu 32.

Angalia hilo la mwisho. Mama anayesema "nakunywa kikopo kimoja tu jioni" anakunywa vipimo vitatu kila siku. Na wanzuki haina asilimia ya kudumu. Ya siku ya kwanza ni tamu kwa sababu asali bado haijageuka. Ikiendelea kuchacha, utamu unashuka na ukali unapanda. Kopo la leo na kopo la kesho kutwa si pombe ileile. Gongo hata usiikadirie, hakuna anayejua nguvu yake.

Ini la mtu mzima linaondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kopo hilo la gramu 32 ni saa tatu hadi nne na nusu za mtoto kukaa kwenye pombe. Wanaokunywa nyingi kwa mkupuo siku ya mnada na siku nyingine hawagusi nao wamo hatarini, pengine zaidi, maana kiwango cha juu kwenye damu ndicho kinachoua seli.

---

Lishe_Tabora

Naunga mkono, naongezea la pili.

Mhudumu, hakuna kipimo cha damu cha kumpima mtoto ukasema huyu ni pombe, huyu ni njaa. Unakusanya vitu vinne: uzito wa kuzaliwa, urefu, mzunguko wa kichwa na historia ya mama. Watu wengi wanapima uzito tu, na uzito peke yake hautakuambia kitu hapa.

Mtoto anayedumaa kwa sababu ya chakula mara nyingi anazaliwa na uzito wa kutosha, anaenda vizuri akiwa kwenye ziwa, kisha anaanza kushuka kuanzia miezi sita vyakula vya nyongeza vinapoingia. Kichwa chake kinakua karibu na kawaida, maana mwili unaulinda ubongo hadi njaa iwe kali. Mtoto aliyeathiriwa na pombe anakuwa mdogo tangu siku ya kwanza, mara nyingi chini ya gramu 2500, na kichwa kidogo pia. Ukichora vipimo vyake kwenye kadi unaona vyote vitatu vinatembea pamoja chini ya mstari, havishuki ghafla na havipandi.

Namba za kukaa nazo mfukoni, kutoka viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006. Mzunguko wa kichwa wakati wa kuzaliwa: wastani wa mvulana ni sentimita 34.5 na msichana 33.9. Chini ya 31.9 kwa mvulana au 31.5 kwa msichana, andika na ufuatilie. Akitimiza mwaka, mipaka hiyo inakuwa 43.5 na 42.2. Urefu wa mwaka mmoja: wastani ni 75.7 na 74.0, chini ya 71.0 na 68.9 ni udumavu. Miaka miwili akiwa amelazwa: chini ya 81.7 kwa mvulana na 80.0 kwa msichana.

Hizo ni za mtoto aliyezaliwa mimba imetimia. Aliyezaliwa wiki 34 toa wiki sita kwenye umri wake kabla hujasoma kadi, na ufanye hivyo hadi afikishe miaka miwili. Njiti wengi wanaitwa wadumavu kwa kosa hili tu.

Makosa mengine ya kupima. Utepe wa kichwa upite juu kidogo ya nyusi mbele, na nyuma upite kwenye kisogo pale palipotokeza zaidi. Ukiupandisha juu zaidi kichwani kama kofia unapata namba ndogo. Mtoto akiwa amesukwa, fungua nywele au subiri siku nyingine, misuko inaongeza sentimita. Pima mara tatu uchukue kubwa. Urefu chini ya miaka miwili ni wa kulala kwenye ubao, watu wawili: mmoja anashika kichwa kiguse ubao, mwingine ananyoosha magoti. Kama mtoto huyo amepimwa amesimama, ongeza sentimita 0.7. Mizani ya kuning'iniza irudishwe sifuri suruali ya kupimia ikiwa imeshatundikwa.

Utepe wa mkono usiuache: chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo mkali, mpeleke matibabu siku hiyo bila kujali mama alikunywa au hakunywa. Pombe na njaa zinakaa nyumba moja. Fedha inayoenda kilabuni ndiyo iliyokuwa ya dagaa.

Kabla hujaisingizia pombe, ondoa mengine yanayozaa watoto wadogo huku kwetu. Malaria kwanza: Tabora na Kigoma ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, na vimelea vikijaa kwenye kondo mtoto anazaliwa na uzito pungufu. Angalia kama mama alimeza SP, dawa ya kuzuia malaria, kliniki na mara ngapi. Kaswende na virusi vya Ukimwi, matokeo yapo kwenye kadi. Na tumbaku. Huku Sikonge, Urambo na Kaliua mama mjamzito anavuna majani mabichi yenye umande, nikotini inapenya kwenye ngozi, anatapika na kichwa kinazunguka, anadhani ni mimba. Nikotini nayo inabana mishipa ya kondo. Mama anayevuna tumbaku mchana na kunywa jioni, mtoto wake anabanwa mara mbili.

---

Mhudumu_Sikonge

Nimewaelewa vizuri sana, hesabu ya gramu nimeiandika kwenye daftari. Naomba mnisaidie mawili. Sura ya mtoto nayo inatazamwaje? Na huyo mama wa miezi mitano: asubuhi mikono inamtetemeka mpaka anywe. Ndiyo maana niliuliza kama aache siku hiyohiyo.

---

Dr_Watoto_Kgm

Naanza na huyo mama, maana hapo kuna hatari ya leo.

Kutetemeka asubuhi kunakotulia baada ya kunywa kunamaanisha mwili wake umeshakuwa tegemezi. Usimwambie aache palepale nyumbani. Arosto ya pombe si kama ya kahawa, inaua. Saa 6 hadi 24 baada ya kunywa mara ya mwisho anatetemeka, anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, anatapika. Kati ya saa 12 na 48 anaweza kupata degedege. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyopo, joto likapanda. Mjamzito akipata degedege mtoto anakosa oksijeni, na kondo linaweza kubanduka.

Anatakiwa kuacha akiwa amelazwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 kuhusu ujauzito na vilevi unasema hivyo: alazwe, apewe dawa jamii ya diazepamu inayokaa mwilini muda mrefu, kwa siku chache tu, dozi ikipunguzwa kadiri dalili zinavyoshuka. Pamoja nayo apewe vitamini B1, na iingie kabla ya maji ya glukosi. Glukosi ikitangulia kwa mtu aliyeishiwa B1 inaweza kumharibu ubongo. Kituo chako kikikosa dawa hizo, rufaa ni hospitali ya mkoa: Kitete kwa upande wenu wa Tabora, huku kwetu Kigoma ni Maweni. Kwenye karatasi ya rufaa andika saa aliyokunywa mwisho na kiasi kwa siku. Bila saa hiyo anayempokea hajui yuko hatua gani ya arosto.

Kuna mtego mmoja. Mjamzito aliyevuka wiki 20 akipata degedege, kitu cha kwanza kufikiriwa ni kifafa cha mimba. Pima presha na protini kwenye mkojo, pima malaria, pima sukari. Presha ya juu pamoja na protini, hicho ni kifafa cha mimba mpaka ithibitike vingine, na dawa yake ni magineziamu salfeti. Arosto nayo inapandisha presha, kwa hiyo historia ya pombe isikufanye uache kupima, na vipimo visikufanye uache kuuliza pombe.

Dawa zinazomfanya mlevi atapike akigusa pombe asipewe akiwa na mimba. Hili nalisema kwa sababu ndugu huzitafuta wenyewe.

Mama ambaye hatetemeki, anayekunywa mara mbili au tatu kwa wiki, huyo aache leo. Hana haja ya kupunguza taratibu.

Utajuaje yupo kundi gani? Yapo maswali manne mafupi yaliyotungwa mahususi kwa wajawazito:

"Unahitaji vipimo vingapi ndipo uisikie?" Zaidi ya viwili, alama 2.
"Watu wamewahi kukuudhi kwa kulalamikia unywaji wako?" Alama 1.
"Umewahi kuona mwenyewe inabidi upunguze?" Alama 1.
"Umewahi kuamka ukanywa kwanza ili kuzimua au kutuliza mwili?" Alama 1.

Jumla ikifika 2 mfuatilie kila hudhurio. Swali la kwanza lina akili sana. Mama anaweza kudanganya kuhusu kiasi anachokunywa, ila anayesema "mimi kopo moja halinifanyi kitu" anakuambia ukweli wa ini lake bila kujua. Uliza akiwa peke yake, mume na mama mkwe wakiwa nje, na uulize wote, siyo wale unaowashuku tu.

Sasa sura. Vitu vitatu: macho yenye mpasuko mfupi kutoka kona hadi kona, kijibonde cha kati ya pua na mdomo kilichofutika, na mdomo wa juu mwembamba. Hapa tahadhari mbili. Picha nyingi za vitabuni ni za watoto wa Kizungu, na midomo yetu haifanani na yao. Chuo Kikuu cha Washington kilicho Seattle kimetengeneza picha za kulinganishia za aina mbili, moja ikiwa ya wenye asili ya Afrika. Tumia hiyo kama unaipata. Usimlinganishe mtoto na picha ya Mzungu ukasema mdomo wake mnene, yuko salama. Ya pili, walio wengi kati ya walioathirika hawana sura hiyo kabisa. Sura inaumbwa kwenye wiki za mwanzo. Mama aliyekunywa mwezi wa sita hadi wa tisa anaweza kuzaa mtoto mwenye uso wa kawaida, kichwa kidogo na kimo kifupi. Uso wa kawaida usikufanye ufute historia.

Ukimpata mwenye dalili, asikilizwe moyo (matundu ya moyo huambatana na hali hii), atazamwe kengeza, apimwe usikivu.

---

Mama_Kasulu

Naomba kuuliza wakunga. Je, akishajifungua? Huku tunaambiwa bia na pombe ya mtama zinaleta maziwa. Na togwa nayo inahesabiwa?

---

Mkunga_Ujiji

Dada, hapo kuna kweli ndogo ndani ya kosa kubwa. Nafaka yenyewe, shayiri au mtama, inaweza kuchochea homoni ya kutengeneza maziwa. Lakini pombe inabana homoni nyingine, ile ya kuyaachia yatoke. Ziwa linajaa na kuuma, mama anaona "maziwa yamekuja", kumbe mtoto anapata kidogo kuliko jana. Kama anataka faida ya nafaka anywe uji wa mtama.

Pombe inaingia kwenye maziwa kwa kiwango kilekile cha damuni, na inafika kilele dakika 30 hadi 60 baada ya kunywa. Kukamua na kumwaga hakuharakishi kitu; damu ikisafika, maziwa yanasafika yenyewe. Aliyekunywa asubiri saa mbili kwa kila kipimo cha gramu 10, yaani saa nne kwa bia ya nusu lita. Na asilale kitanda kimoja na mtoto usiku huo, watoto wanalaliwa. Ila usimwachishe mtoto ziwa kwa sababu mama anakunywa. Mtoto mdogo wa uzito pungufu akinyimwa ziwa huku kijijini anaweza kufa kwa kuhara.

Togwa ya siku hiyohiyo, bado tamu, ni chakula. Togwa iliyolala siku mbili tatu ikaanza kutoa mapovu na kuchoma ulimi imeshakuwa pombe. Mjamzito anywe ya leo.

---

Lishe_Tabora

Nirudi kwa mtoto ambaye tayari amezaliwa, maana mhudumu atakutana naye kesho asubuhi na hawezi kumrudisha tumboni.

Shida ya kwanza ni kunyonya. Watoto hawa wananyonya kwa nguvu ndogo, wanachoka baada ya dakika chache, wanalala, kisha wanaamka wakilia na kushtuka kwa kila sauti. Mama anadhani ameshiba. Mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, chumba kiwe na mwanga hafifu na kelele kidogo, mwamshe kila saa mbili hata usiku. Akishindwa kunyonya, kamua umpe kwa kikombe kidogo, siyo chupa.

Kiasi kwa mtoto wa chini ya kilo 2.5: siku ya kwanza mililita 60 kwa kila kilo, ongeza 20 kwa kilo kila siku hadi ufike 160 au zaidi kadiri anavyovumilia, gawanya mara 8 hadi 12. Mfano, mtoto wa kilo 2.2: siku ya kwanza mililita 132 kwa siku, mara 12, yaani 11 kila mara. Akifika 160 ni 352 kwa siku, karibu 30 kila mara. Kupungua uzito siku za mwanzo hadi asilimia 10 ni kawaida. Arudishe uzito wa kuzaliwa kufikia siku ya 14, kisha aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku. Asipofika hapo, usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Miezi sita ikitimia: anza na vijiko 2 hadi 3 vya chakula, ongeza taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250, mara 2 hadi 3. Miezi 9 hadi 11, nusu hadi robo tatu, mara 3 hadi 4. Mwaka na kuendelea, robo tatu hadi kikombe kizima, pamoja na asusa moja au mbili. Watoto hawa tumbo linajaa haraka, kwa hiyo usiongeze maji, ongeza uzito wa chakula. Uji ushike kijiko. Ndani yake weka kijiko cha karanga zilizosagwa au mawese mekundu ya Kigoma, ambayo yana vitamini A ikiwa hayajachemshwa mpaka yakapauka. Dagaa wa Tanganyika waoshwe mchanga, wakaangwe bila mafuta, wasagwe na vichwa vyao. Asali marufuku kabla ya mwaka mmoja, hata ya kulambisha. Nasema hivyo Tabora nikijua nasema wapi: inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mpaka ashindwe kupumua.

Mayai nayatenga. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa 2018 uliwapa wajawazito waliokuwa wanywaji wakubwa wa pombe gramu 2 kwa siku za kolini, kirutubisho kilichomo kwenye mayai. Watoto wao walizaliwa wadogo kama wenzao, lakini kufikia miezi sita na nusu na mwaka walikuwa wamefidia uzito na mzunguko wa kichwa zaidi ya wale ambao mama zao hawakupewa. Yai moja lina karibu miligramu 147 za kolini, na mjamzito anahitaji 450 kwa siku. Huwezi kufika gramu mbili kwa mayai, na mayai hayafuti pombe. Ila mayai mawili kwa siku kwa mjamzito ambaye ndiyo kwanza anaacha ni ushauri wenye maana, kuku wapo.

Kuhusu matarajio: baadhi watarudi juu ya mstari, wengine watabaki wafupi hata ukilisha kwa usahihi wote. Ukiona mtoto anaongeza urefu kila mwezi sambamba na mstari, hata kama yuko chini yake, chakula kinafanya kazi. Usimlaumu mama na usimlazimishe mtoto kula mpaka atapike.

---

Dr_Watoto_Kgm

Nyongeza fupi kwa Lishe. Pamoja na kimo fuatilia mwendo wa ukuaji. Kutabasamu akiona uso, wiki 6 hadi 8. Kukaza shingo, miezi 4. Kukaa mwenyewe, mwisho miezi 9. Kutembea, na kusema maneno machache, mwisho miezi 18. Akichelewa mawili kati ya hayo na kichwa ni kidogo, mpe rufaa. Mazoezi yanayoanza kabla ya miaka mitatu yanasaidia kuliko yanayongojea shule. Mtoto huyu baadaye ataonekana mtundu asiyesikia, atapigwa kwa "ukaidi" wakati ubongo wake haushiki maagizo matatu kwa mpigo. Mfundishe mama kutoa agizo moja, kwa maneno yaleyale, kila siku saa ileile.

Kwenye kadi, historia ya pombe iandike kwa gramu na kwa mwezi wa mimba, mfano: "wanzuki lita 1 kila siku, mwezi wa 1–5, ameacha". Usiandike "mama mlevi". Kadi hiyo inasomwa na kila mtu hapo kijijini.

---

Mhudumu_Sikonge

Asanteni sana. Mama yule nitampeleka kesho na gari la saa 12 asubuhi. Swali la mwisho: njiani asinywe kabisa? Atakuwa amekaa bila kunywa tangu saa 2 usiku.

---

Dr_Watoto_Kgm

Hizo ni saa 10 tangu anywe, na mkifika zitakuwa zaidi, kwa hiyo atakuwa ameshaingia kwenye muda wa kutetemeka na anakaribia muda wa degedege. Usimnyweshe, lakini usimwache asafiri peke yake. Ale uji kabla ya kuondoka, abebe maji, akae kiti cha mbele asipokanyagwa, na wewe au ndugu mkae naye. Akianza kutoka jasho sana, kuchanganyikiwa au kukakamaa, mlaze ubavu wa kushoto, usimtie kitu mdomoni, shukeni kituo cha afya cha karibu zaidi, msisubiri kufika mjini. Piga simu leo jioni wodi ya wazazi uwaambie anakuja, ili diazepamu na B1 ziwe zimeshaandaliwa.